Tamthilia za Uhalifu na Haki ya Mgonjwa wa Akili

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu wa Tukuyu na wa wilaya nzima ya Rungwe, mwezi huu tumeona tuzungumzie mgeni anayeingia majumbani mwetu kila jioni bila kubisha hodi. Mgeni huyo ni tamthilia za uhalifu zinazoonyeshwa katika runinga, na tunalolikusudia hasa ni namna zinavyomchora mgonjwa wa akili anapofikishwa mbele ya sheria. Tunajua wapo watakaosema kuwa hiyo ni michezo ya kuigiza, na kwamba mwenye akili zake hawezi kuchanganya mchezo na maisha. Jibu letu ni kwamba mtu anayefundishwa jambo lilelile jioni baada ya jioni, mwaka baada ya mwaka, huishia kulichukua kuwa ndiyo elimu yake. Siku atakapokutana na mwendawazimu pale stendi au katika soko la Tandale, atamhukumu kwa elimu hiyohiyo.

MAFUNZO MAWILI YA UONGO

Miaka ya 2000 vijana wetu walijazana katika vibanda vya video wakitazama filamu huku msimulizi akiwatafsiria kwa Kiswahili. Leo kuna ving'amuzi, na wengi wanatazama katika simu za mkononi. Chombo kimebadilika, lakini bidhaa ni ileile, na kiwanda chake kikubwa kiko Marekani. Tamthilia ya Law & Order ilianza huko mwaka 1990, ikaonyeshwa kwa miaka 20 mfululizo, ikasimama, kisha ikarejeshwa mwaka 2022. Ile ya Criminal Minds ilianza mwaka 2005, na msingi wake ni kikosi cha wapelelezi wa FBI wanaochimba fikra za wauaji. Afrika Mashariki nayo imeanza kutengeneza zake. Mwaka 2021 ilitoka tamthilia ya Kenya iitwayo Crime and Justice. Hatusemi kwamba kila kipindi cha tamthilia hizi ni uovu mtupu. Tunasema kwamba aina hii ya michezo, kwa jumla yake, imeeneza mafunzo mawili ya uongo.

Funzo la kwanza ni kuwa mgonjwa wa akili ni mnyama mwenye kiu ya damu. Akionekana mtu anayezungumza peke yake, mtazamaji huwa ameshajua nani aliyeua. Ukweli ni kinyume chake. Walio wengi kabisa katika wagonjwa wa akili hawajapata kumdhuru mtu, na mara nyingi zaidi wao ndio wanaodhuriwa. Wanapigwa, wanaibiwa, wanabakwa, na wakisema hawasadikiwi.

Funzo la pili linapingana na la kwanza, lakini yote mawili hutolewa katika meza moja. Funzo hili linasema kuwa mshitakiwa anayedai kuwa alikuwa na wazimu ni mwongo, na wakili wake ni mjanja anayetafuta kichochoro cha kumtoa muuaji. Mwendesha mashitaka ndiye shujaa, na daktari wa akili ni mtu wa kununuliwa. Basi na tuitazame Marekani yenyewe. Utafiti uliofanywa katika majimbo 8 ya nchi hiyo na kutolewa mwaka 1991 ulionyesha kuwa utetezi wa wazimu uliletwa katika chini ya asilimia 1 ya kesi za makosa makubwa, na katika hizo chache ulikubaliwa takriban mara moja katika kila nne. Je, hayo ndiyo mafuriko tunayoonyeshwa katika runinga?

Tena tumtazame John Hinckley, aliyempiga risasi Rais Ronald Reagan tarehe 30 Machi 1981. Kijana huyo alikuwa ametekwa na filamu iitwayo Taxi Driver ya mwaka 1976 na mwigizaji wake mmoja wa kike, hata akadhani kuwa kwa kumpiga Rais atampendeza mwigizaji huyo. Mwaka 1982 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu. Wamarekani walighadhibika wakisema ameponyoka. Ameponyoka kwenda wapi? Alifungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili hadi mwaka 2016 ndipo akaruhusiwa kuishi nje, na masharti yake ya mwisho yakaondolewa mwaka 2022. Hiyo ni miaka 40. Tamthilia haionyeshi miaka hiyo, kwa sababu kwake hadithi inakwisha hakimu anapogonga nyundo, ilhali kwa mgonjwa na jamaa zake hapo ndipo hadithi inapoanza.

UDONGO WA RUNGWE ULIVYOIPOKEA MBEGU HII

Suala la kujiuliza ni hili: kwa nini mafunzo haya yakubalike kwa wepesi hivi katika milima yetu? Sababu yake ni kuwa yamekuta ardhi iliyokwisha kulimwa. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa katika miaka ya 1930 na kutoa kitabu chake juu ya mila za ukoo wa Wanyakyusa mwaka 1957, aliandika kwamba wazee wa wakati ule waliamini kuwa mtu asiyetimiza mila za mazishi ya jamaa yake atapatwa na wazimu. Kwa itikadi hiyo, mwendawazimu alikuwa amejiletea mwenyewe, au ameletewa na uzembe wa ukoo wake. Ugonjwa ulikuwa ni hukumu iliyokwisha kutoka.

Dini ziliingia, shule zikajengwa, lakini ni wangapi kati yetu hata leo, jamaa yetu akirukwa na akili, swali la kwanza tunalouliza ni "amefanya nini?" au "nani amemfanyia?" Hatuulizi ni lini alianza kukosa usingizi. Hatuulizi kama alipata kuugua malaria ya kichwani, au kama ana kifafa, au kama anatumia bangi na pombe kali, au kama ni mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita. Tamthilia ya Kimarekani na itikadi ya kale ya Unyakyusa zinakutana hapa kama ndugu wa tumbo moja. Moja inasema mgonjwa ni mwovu kwa asili yake, nyingine inasema ni mwovu kwa kosa lake. Mgonjwa hana pa kukimbilia.

Matokeo yake yanaonekana. Mgonjwa anafungwa kamba au mnyororo chumba cha nyuma ili wageni wasimwone. Anapelekwa kwa mganga, akitoka huko kwa mwingine, hadi ng'ombe na shamba la ndizi viishe. Akichukua mhogo wa mtu sokoni, kelele za mwizi zinapigwa, na asubuhi tunaambiwa kuwa wananchi wenye hasira kali wamechukua sheria mkononi. Sisi tunasema maneno hayo ni ya kufunika uovu. Aliyeua nafsi bila ya haki ni muuaji, awe mmoja au awe mia, na Qur'ani katika Suratul Maidah imelifananisha jambo hilo na kuua watu wote.

HUKUMU YA UISLAMU

Uislamu uliikata hoja hii mapema. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala hadi aamke, mtoto hadi abaleghe, na mwendawazimu hadi akili zimrudie. Mafaqihi wa madhehebu yote wamelijenga jengo zima la wajibu wa kisheria juu ya msingi huo. Pasipo akili hapana wajibu, na pasipo wajibu hapana adhabu.

Halikuwa jambo la vitabuni tu. Imepokewa na Abu Daud kwamba katika zama za Khalifa Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliletwa mwanamke aliyezini, ikaamriwa apigwe mawe. Ali bin Abi Talib (R.A.) akawakuta watu wanampeleka, akauliza habari zake, akaambiwa kuwa ni mwendawazimu wa ukoo fulani. Akawarudisha, akamwendea Khalifa na kumkumbusha mafundisho hayo ya kalamu tatu. Umar (R.A.) akamwachia yule mwanamke huku akileta takbira. Tuangalie vizuri, ndugu zetu. Kiongozi wa dola kubwa anakumbushwa, naye hatafuti udhuru wala haoni aibu, bali anarejea katika haki papo hapo.

Wapo watakaouliza: je, si kila mhalifu atajifanya mwendawazimu? Jibu liko katika kisa cha Maiz bin Malik (R.A.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Maiz mwenyewe ndiye aliyekuja kukiri, tena mara nne. Pamoja na hayo, Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama ana wazimu, na katika baadhi ya mapokezi aliwauliza pia watu wa kabila lake juu ya akili zake, na akaangaliwa kama amelewa. Uchunguzi ulitangulia hukumu, japokuwa mshitakiwa alikuwa amekwisha kiri kwa kinywa chake. Anayejifanya atajulikana kwa uchunguzi, na anayeumwa kweli ataokoka kwa uchunguzi huohuo. Mwenye kuukataa uchunguzi kwa kuogopa waongo anawaua wakweli pamoja na waongo.

Ulaya, inayotuuzia tamthilia hizi kwa pamoja na Marekani, ilichelewa sana kuliweka sawa jambo hili. Kanuni ambayo mahakama za Kiingereza ziliifanya msingi wao ilitoka mwaka 1843, baada ya Daniel M'Naghten kumuua katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel mjini London, akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu. Tangu Umar (R.A.) amwachie yule mwanamke hadi siku hiyo ilikuwa imepita yapata miaka 1,200. Nuruddin Zangi alikwisha kujenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga yake Cairo mwaka 1284, nayo ikiwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Hatuyasemi haya kwa kujifaharisha. Fahari ya mababu haimtibu mgonjwa aliyefungwa kamba Rungwe leo. Tunayasema ili Muislamu ajue kuwa akimwonea mgonjwa wa akili, haigi dini yake, bali anawaiga wengine.

SHERIA YA NCHI NA UTEKELEZAJI WAKE

Hukumu za jinai za Kiislamu hazitumiki katika mahakama za Tanzania, na hapa hatukusudii mjadala huo. Lakini hata sheria ya nchi, kwa maandishi yake, haikubaliani na tamthilia. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba mtu hawajibiki kwa jinai ikiwa wakati wa kutenda, kwa sababu ya maradhi ya akili, hakuweza kufahamu anachokifanya au kwamba hakupaswa kukifanya. Mama aliyeua mtoto wake asiyetimiza miezi kumi na miwili, akiwa amevurugika akili kwa sababu ya uzazi, naye amewekewa kifungu chake, na hahukumiwi kama muuaji wa kukusudia.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliweka utaratibu katika vifungu vya 219 na 220. Mahakama ikiona dalili, humpeleka mshitakiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na daktari hutakiwa kuleta taarifa yake katika siku 42. Ikithibitika kuwa alitenda akiwa hana akili timamu, mahakama hutamka kwamba ametenda lakini hana hatia, na shauri lake hupelekwa kwa Waziri huku yeye akiendelea kuzuiliwa. Mahali pa kupelekwa ni Dodoma, katika hospitali ya Mirembe iliyojengwa enzi za Waingereza, ambako ndiko iliko Isanga, sehemu ya wagonjwa waliofikishwa na mahakama.

Utaratibu huo ni mzuri katika karatasi. Sasa tuupime kwa mguu wa mkulima wa Mwakaleli au Masoko. Kutoka Tukuyu hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 600. Kosa la mauaji halina dhamana, na mashauri yake huchukua miaka, si majuma. Mgonjwa anakaa mahabusu pamoja na watu wazima wa akili, akipigiwa kelele, akinyang'anywa chakula, na ugonjwa ukizidi. Nani atamwambia hakimu kuwa huyu aliugua miaka mitatu kabla ya tukio? Cheti hakuna, kwa sababu hakupelekwa hospitali. Mganga haandiki cheti. Na ndugu wamejificha kwa aibu. Sheria inamchukulia kila mtu kuwa ni mzima wa akili hadi ithibitike vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha uko juu ya mshitakiwa. Basi maskini huyu anaachwa abebe mzigo huo akiwa hana akili, hana karatasi, wala hana shahidi.

Tuitazame pia ile tamko ya mahakama na jina lililoambatana nayo. Sheria hiyo ya mwaka 1985 ilimwita mtu huyo mwendawazimu mhalifu. Vipi mahakama iseme hana hatia, kisha karatasi imwite mhalifu? Na vipi kufunguliwa kwake kutegemee kalamu ya Waziri aliye mbali, badala ya kutegemea daktari anayemwona na mahakama iliyomsikiliza? Mgonjwa asiye na jamaa wa kumfuatilia anaweza kuzeeka ndani akiwa amekwisha kupona. Haya ndiyo mambo ambayo tamthilia ya kweli ya uhalifu na haki ingetuonyesha. Hazituonyeshi, kwa sababu hayana milio ya bastola.

NA DAMU YA ALIYEUAWA JE?

Hoja hii ni nzito, na hatutaki kuikwepa. Baba aliyeuliwa mwanawe hafarijiki kwa kuambiwa kuwa muuaji alikuwa mgonjwa. Uislamu haukumsahau baba huyo. Mwendawazimu akiua, kisasi kinaanguka, lakini diya haianguki; damu ya Muislamu haipotei bure. Kwa mujibu wa wanavyuoni wengi, kitendo chake huhesabiwa kuwa ni cha makosa, na diya hubebwa na ukoo wake.

Hapa pana hekima ambayo watunga tamthilia hawajaiota. Ukoo unapojua kuwa utawajibika kwa matendo ya mgonjwa wao, hautamwacha azurure. Utamtibu, utamlinda, na utaondoa panga na shoka nyumbani. Mfumo tulio nao leo haumpi mfiwa chochote, haumdai ukoo chochote, na humfungia mgonjwa mbali. Mfiwa akiona hivyo, anaamini kile alichofundishwa na runinga, kwamba haki imeibwa, na anatafuta haki yake kwa mkono wake.

MAJINI, WAGANGA NA DAWA

Sisi, Ahlus-Sunna, tunaamini kuwako kwa majini, na tunaamini kuwa Qur'ani ni ponyo. Lakini imani hiyo isifanywe mtaji wa matapeli. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kama watu wajitibu, alijibu ndiyo, kwani kila maradhi yana dawa yake isipokuwa uzee. Naye pia ametuonya kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, haikubaliwi Swala yake siku arobaini. Basi msomee mgonjwa wako Qur'ani kwa njia iliyothibiti, kisha mkono wako wa pili umpeleke hospitali. Hayo mawili hayagombani. Anayekuambia uache dawa ya hospitali ili kisomo chake kifanye kazi, na anayekupigia jamaa yako viboko ati anampiga jini, huyo ni mganga hata kama amevaa kanzu na kilemba.

WAJIBU WETU

Haitoshi kuzima runinga. Tunawataka Waislamu wa Rungwe wayatende haya:

Kwanza, kila mwenye mgonjwa amfikishe mapema katika hospitali ya wilaya pale Makandana, na akipewa rufaa aende Mbeya. Atunze kila karatasi anayopewa. Karatasi hiyo ni tiba leo, na huenda ikawa ushahidi kesho.

Pili, maimamu walizungumze jambo hili katika hotuba za Ijumaa, na wakataze waziwazi kufunga watu minyororo na kupiga watu sokoni.

Tatu, kila msikiti uteue watu wawili au watatu wa kuwafuata ndugu zetu walioko mahabusu: kuwapelekea chakula, kuhudhuria siku ya kesi, na kumweleza wakili na mahakama historia ya ugonjwa. Asiye Muislamu naye asiachwe, kwani jirani ana haki na mgonjwa ana haki.

Nne, familia ya aliyeuawa itembelewe, ifarijiwe na isaidiwe, na ukoo wa mgonjwa uhimizwe kwenda kusuluhishana nayo.

Tano, wabunge na madiwani wetu waulizwe kwa heshima lakini bila woga: Sheria ya Afya ya Akili ilitungwa mwaka 2008, je, imemfikia nani katika vijiji vyetu?

Na mzazi akimkuta mwanawe anatazama tamthilia hizo, asiishie kugomba. Akae naye amuulize: huyu unayemwona, kabla hajaua, nani alimtibu? Nani alikuwa mlezi wake? Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 5, ametuamrisha kuwalisha na kuwavisha wale wasioweza kusimamia mali zao, na kuwaambia maneno mema. Hakutuamrisha kuwacheka, kuwafunga wala kuwaogopa.

Siku ya Kiyama kalamu haitamwandikia mgonjwa alichokitenda akiwa hana akili. Sisi tulio na akili timamu, tuliomwona akizurura mvuani tukafunga milango, kalamu zetu zinaandika wakati huu.

Wabillahi Tawfiiq.